Yule Ndugu Mwenye Upele

Kwetu korosho za kula nyumbani huchomwa kwenye bati au kipande cha debe kilichotobolewa matundu. Ganda la korosho lina mafuta meusi, makali, yanayobabua ngozi hata yakiwa baridi. Yakipata moto hutiririka kupitia yale matundu, yanashika, na ghafla bati zima linawaka. Anayeijua kazi hiyo huutazama moshi, na unapofika wakati wake huzimwaga korosho chini na kuzifukia upesi kwa mchanga. Mwaka 1987, msimu wa korosho, nikiwa na miaka 6, niliinama kuokota moja iliyoruka kabla mama hajamwaga. Ilikuwa jioni, uani kwetu, kijiji kimoja cha Newala. Maumivu siyakumbuki. Naikumbuka harufu, na namkumbuka mama akiniita jina langu kwa sauti ya juu kana kwamba nilikuwa mbali, na huku amenishika.

Shavu la kushoto lilipopona, lilipona kwa kuvuta. Kovu lilinyanyuka kama kamba chini ya jicho, likateremka hadi pembe ya mdomo na kuipandisha kidogo, hivi kwamba upande mmoja wa uso wangu huonekana unatabasamu hata msibani. Jicho la upande huo halifumbi sawasawa nikilala. Nayataja haya mapema ili ujue nayasema yanayofuata nikiwa nimesimama wapi.

Leo mimi ni mwalimu wa darasa la tatu mjini Mtwara. Kwa miaka 19 nimewasomea na kuwasimulia watoto hadithi karibu kila siku ya shule, na kwa muda wote huo nimekuwa nikizitazama hadithi zenyewe kwa jicho la mtu zilizomuumiza.

Maana ziliniumiza. Nikiwa darasa la nne tulitakiwa kuigiza mbele ya wazazi, na igizo lilikuwa na zimwi. Mwalimu wetu hakuhangaika kutafuta wa kulicheza. Aliniangalia, akasema mimi sitahitaji kupakwa masizi. Hakuyasema kwa ubaya; nadhani aliona ameokoa muda. Nililicheza lile zimwi vizuri, watu wakapiga makofi, na tangu siku ile hadi namaliza darasa la saba niliitwa Zimwi, na waliokuwa wakinipenda na wasionipenda. Jina nililizoea. Kilichonitesa ni kwamba taratibu nililiamini. Nikimkasirikia mdogo wangu, nilijiambia, si ndiyo hivyo, mimi ni zimwi. Nikitamani kitu cha mwenzangu, nilijichunguza rohoni kama mtu anayetafuta ugonjwa anaojua tayari anao. Mtoto mwenye uso laini akiiba embe, ameiba embe. Mimi nikiiba embe, hadithi ilikuwa imeshaandikwa.

Bibi mzaa mama ndiye aliyenitoa huko, na alinitoa kwa hadithi nyingine.

Kwanza nimweleze bibi mwenyewe. Usoni alikuwa na nembo: mistari iliyochanjwa na kupakwa mkaa uliosagwa, imepangana kwa ncha kuanzia paji la uso hadi mashavuni. Kwenye mdomo wa juu alikuwa na tundu la ndonya. Ndonya yenyewe, kile kipande cha mti ambacho wanawake wa Kimakonde walikivaa mdomoni, aliivua kabla sijazaliwa, wakati mambo hayo yalipoanza kuonekana ya kizamani. Lakini tundu lilibaki, na mdomo ulibaki umelegea. Alipokunywa uji alikinga kwa kidole. Tulipokwenda naye Mtwara mjini kumtembelea mjomba, watoto wa mtaani walitufuata nyuma wakimcheka. Sisi wawili tulitembea barabarani tumeshikana mikono, yeye na mdomo wake na mimi na shavu langu.

Shuleni tulifundishwa kwamba wanawake wa Kimakonde walitoboa midomo ili waonekane wabaya, wafanyabiashara ya watumwa waliokuwa wakipeleka watu pwani, Mikindani na Kilwa, wasiwachukue. Maelezo hayo bado yanazunguka; nimeyasikia hata kwa watu wazima wenye elimu yao. Niliporudi nyumbani nilimweleza bibi kwa furaha, nikidhani namletea habari ya ushujaa wake. Aliacha kupepeta. Alinyamaza kwa muda mrefu, mpaka nikaogopa.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Mwalimu, bibi."

"Mimi nilitobolewa nipendeze," alisema. "Nilipopona, babu yako alikuja mara tatu kwa wiki kuomba maji ya kunywa, na kisima kiko kwao."

Huko juu kwenye uwanda wa Makonde maji siku hizo yalifuatwa mabondeni, mwendo wa kuteremka na kupanda na mtungi kichwani. Mwanamume hapandi mlima kuja kuomba maji bila sababu. Nilimwelewa. Lakini kilichonikaa zaidi ni ule ukimya wake. Mtu alikuwa ameuchukua uzuri wake, akaugeuza ubaya, kisha akamsifu kwa ubaya huo. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi na Newala akiwapiga picha watu wa huku, na wanawake wenye ndonya wamo. Nikiwa chuo cha ualimu niliziona picha za namna hiyo kitabuni. Wenzangu waliguna. Mimi niliwaona watu waliovaa vizuri.

Sasa hadithi. Bibi aliianza kama zote, paukwa, pakawa. Alikuwako msichana mzuri aliyekataa kila mchumba. Huyu ana kovu la panga, yule ana ndui, wa tatu jicho moja limefumba. Alisema ataolewa na mwanamume asiye na alama hata moja mwilini. Siku ya ngoma akatokea kijana mgeni, ngozi yake laini kama chungu kilichosuguliwa, hana kovu, hana chale, hana hata alama ya mwiba. Msichana akasema, huyu ndiye. Wakaoana, wakaondoka kwenda kwao mume, mbali.

Mdogo wake wa kiume akawafuata. Mtoto huyu alikuwa na upele mwili mzima, amejikuna mpaka vidonda, inzi wanamfuata. Dada akamfukuza kwa mawe: rudi, utaniaibisha ugenini. Mtoto akarudi nyuma hatua chache, akangoja, akafuata tena. Walipofika alinyimwa kulala ndani, akalala jikoni kwenye majivu. Usiku dada alilala fofofo. Mtoto hakulala, upele ulimkosesha usingizi. Ndipo akamwona shemeji yake akitoka nje, akajinyoosha kwenye mwanga wa mwezi, akageuka fisi, akaita fisi wenzake waje wamtazame mkewe kama ameshanenepa.

Yaliyofuata ni marefu na yana nyimbo. Mtoto alisuka tenga, akamwingiza dada yake, akaimba, tenga likapaa hadi kijijini kwao. Hadithi hii ina ndugu zake wengi. Nimewahi kuisikia kwa Wayao, na walimu waliotoka mikoa ya mbali waliniambia hata kwao ipo, fisi akiwa simba au joka. Lakini bibi alikuwa na vituo vyake viwili ambavyo hakuvipita harakaharaka.

Kituo cha kwanza ni pale kijana asiye na alama anapotokea ngomani. Bibi alisimama hapo akatuuliza: mtu mzima, hajawahi kuchomwa na mwiba, hajaungua jikoni, hajakatwa na jembe, hajachanjwa na wazee wake. Ameishi wapi? Nani anamjua? Kwa bibi, ngozi isiyo na kovu lolote ndiyo ilikuwa tahadhari. Nembo za usoni zilisema mtu ametoka wapi na wakina nani walimlea. Makovu mengine yalisema amefanya kazi gani. Niliposikia hilo mara ya kwanza nilijishika shavu bila kujua, na bibi aliona, wala hakusema kitu.

Kituo cha pili ni mwisho. Niliuliza, kama mtoto yeyote angeuliza, na kwa sababu zangu mwenyewe nilihitaji sana jibu:

"Bibi, upele wake ulipona?"

"Hadithi hii si ya upele, mjukuu wangu. Walirudi, mama yao akapika ugali, na dada akala naye sahani moja."

Nilikasirika. Nilitaka apone. Nilitaka wazimu wote ule wa tenga na fisi umalizike kwa mtoto kuoga mtoni na kutoka na ngozi mpya. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba bibi alinipa kitu ambacho karibu hadithi nyingine zote zilininyima. Mtoto yule hakuzawadiwa uso. Alipewa sahani.

Zitazame nyingine. Mwaka 1740 Gabrielle-Suzanne de Villeneuve wa Ufaransa alichapisha hadithi ya binti mrembo na mnyama wa kutisha. Mwaka 1756 Jeanne-Marie Leprince de Beaumont aliifupisha, na ndiyo iliyosambaa duniani hadi kwenye filamu za watoto tunazozijua. Binti anajifunza kumpenda mnyama kwa moyo wake, na papo hapo mnyama anageuka mwanamfalme mzuri. Yaani somo ni kwamba sura haijalishi, na tuzo ya kujifunza hivyo ni sura. Hans Christian Andersen wa Denmark alitoa mwaka 1843 kile kisa cha kifaranga cha bata kilichochekwa kwa ubaya wake. Mwishoni kumbe hakikuwa bata, kilikuwa ndege mwingine mweupe, mwenye shingo ndefu, mzuri kuliko wote. Watoto hukipenda, nami nakisoma darasani. Lakini kila nikifika mwisho huwa nafikiria kifaranga ambacho ni bata kwelikweli, na ni kibaya kwelikweli, na hakuna ndege mwingine ndani yake. Mimi sikuwa na uso mwingine ukisubiri chini ya huu.

Na upande wa pili wapo wabaya wenye sura za kuonyesha ubaya. Shakespeare alimchora mfalme Richard III kuwa na kibyongo na mkono uliokauka, ili mtazamaji ajue tangu anapoingia kwamba huyu ni mwovu. Mwaka 2012 mifupa ya mfalme huyo ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari huko Leicester, Uingereza. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kweli, ila kwa namna ambayo nguo nzuri ingeuficha, na dalili ya mkono uliokauka hawakuikuta. Kwa zaidi ya miaka 400 watu wamemwona jukwaani kwa mwili aliokatiwa na mwandishi. Filamu zetu nazo zinafanya hayo hayo; jambazi hupakwa kovu shavuni, na mara nyingi ni shavu la kushoto, au labda mimi ndiye nalitazama zaidi hilo.

Hapo kati, baina ya zimwi na mwanamfalme, ndipo watu wema walipotaka kuniweka. Walinitia kwenye "uzuri wa ndani". Shangazi yangu alinipenda sana, Mungu amrehemu, na kila nilipolia aliniambia uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Majirani walisema, lakini ana roho nzuri. Walianza kulisema hilo nikiwa na miaka 7. Hakuna aliyekuwa ameijua roho yangu bado. Wasichana wenye nyuso nzima waliruhusiwa kuwa na roho ya aina yoyote, ya wivu, ya uvivu, ya ukali. Yangu ilikuwa lazima iwe nzuri, kwa sababu bila hivyo ningebaki na nini? Na wale waliowakanya watoto wasinicheke walitumia methali ile ya hujafa hujaumbika. Nia yao njema, siikatai. Lakini mtoto anayesimama pale akiisikia anaelewa kwamba yeye ndiye jambo linaloweza kuwapata wengine.

Siti binti Saad wa Zanzibar alilipitia hili mbele ya watu wote. Alikuwa mwimbaji mkubwa, akaenda hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumkebehi kwamba ametoka shamba na kaniki zake, na kama si sauti angekula nini. Naye aliwajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Nampenda kwa jibu hilo. Lakini maneno ya wale wapinzani ndiyo yaliyonisumbua zaidi, kwa sababu watu wengi huyasema kwa upole bila kujua: wewe usiye na uso, lete kitu cha kulipia nafasi yako. Sauti. Akili. Roho nzuri. Na asiye na sauti, mwenye akili za kawaida, anayekasirika kama watu wengine wanavyokasirika?

Sikusema bado kuhusu kuolewa, na sitalirefusha. Niliolewa nikiwa na miaka 24. Mume wangu hajawahi kuniambia kwamba halioni kovu. Analiona. Usiku wa baridi ngozi hiyo hukaza, naye hupasha mafuta ya nazi akanipaka. Watu waliniuliza mara nyingi amependa nini kwangu, tena mbele yangu.

Zipo hadithi zinazofanya makubwa zaidi ya kumuumiza mtoto wa darasa la nne. Nchini kwetu watu wenye ualbino walisimuliwa kwamba hawafi, hutoweka; kwamba viungo vyao vina utajiri. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 wakaanza kuuawa, hasa huko Kanda ya Ziwa, na mauaji yale yalitokana na simulizi, maana mtu ambaye hadithi inasema hafi, si mtu. Katika kipindi hichohicho, mwaka 2010, wapiga kura wa Lindi Mjini, jirani zetu hapa, walimchagua Salum Khalfan Barwani, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao, wa kwanza nchini mwenye ualbino kushinda ubunge wa jimbo. Nilikuwa na redio mkononi. Hawakumchagua malaika wala kiumbe wa kuonewa huruma. Walimpa kazi, waje wamdai barabara na maji kama mbunge mwingine yeyote, na wakitaka wamnyime kura safari nyingine. Naona hiyo ni heshima kubwa kuliko mashairi mengi ya uzuri wa ndani.

Nilidhani nimeelewa haya yote, mpaka mwaka juzi.

Darasani kwangu alikuwepo mvulana mwenye ualbino, miaka 9. Alikaa dawati la mbele kwa sababu ya macho, kofia pana aliivua akiingia darasani, na mikononi alikuwa na madoa ya jua mengi kwa umri wake. Tuliandaa igizo la siku ya wazazi na nikachagua hadithi ya bibi. Sikuwaza mara mbili: nikampa nafasi ya yule ndugu mwenye upele. Niliona nampa heshima. Ndiye shujaa, ndiye anayeokoa, ndiye mwema kuliko wote.

Alibaki mezani kwangu wenzake walipotoka.

"Mwalimu, mimi nataka kuwa yule mzuri."

"Yule mzuri ni fisi, mwanangu."

"Najua."

"Huyu wa upele ndiye anayemwokoa dada yake."

"Huyo wa upele wanamwonea huruma," alisema. "Mimi nataka yule ambaye akiingia ngomani wote wanamwangalia, halafu wanashangilia."

Nilikaa. Nilikuwa nimemtazama usoni, nikampangia hadithi, kama nilivyopangiwa mimi. Tofauti ni kwamba mimi nilimpa jina tamu. Usiku ule sikulala vizuri. Nilihofia pia, nasema ukweli: kumpa mtoto mwenye ualbino nafasi ya fisi, mbele ya wazazi, katika nchi hii. Nilikwenda kuongea na mama yake. Alinisikiliza huku anachambua kisamvu, akasema, "Mwalimu, mtoto kakwambia anataka kuwa bwana harusi. Wewe umesikia fisi tu?"

Basi akawa bwana harusi. Upele tukampaka unga na majivu kijana mwingine, mrefu, ambaye wasichana wa darasa la nne hupita dirishani kumchungulia, naye akajikuna kwa bidii mpaka wazazi wakacheka.

Siku yenyewe bwana harusi alikuja na koti la baba yake, mikono ameikunja mara tatu. Ngoma ikapigwa. Aliingia polepole, kwa sababu nje kulikuwa na mwanga mkali na ndani hakuwa anaona vizuri, lakini kila mtu aliuona ule upole wa mwendo kuwa ni maringo, na akina mama wakapiga vigelegele. Msichana aliyecheza bibi harusi ndiye aliyekaa naye dawati moja mwaka mzima. Alimsomea ubao kila siku. Yale madoa ya mikononi aliyajua kuliko mimi. Alimzunguka mara moja, taratibu, akimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni kama nilivyomfundisha. Kisha akawageukia wazazi na kusema maneno yake kwa sauti kubwa:

"Huyu ndiye. Hana alama hata moja."

Mimi nilikuwa pembeni nimeshika tenga. Zamu yangu ya kuanzisha wimbo ilipofika, watoto walinisubiri.

Baadaye tuliwatandikia mkeka chini ya mwembe, tukawapa mihogo ya kuchemsha na kachumbari kwenye sinia moja. Mwenye upele alikula na majivu yake usoni. Fisi alikaa katikati, amerudisha kofia, bado amevaa koti la baba yake, na alipomaliza kutafuna akaniuliza kama mwakani anaweza kuwa fisi tena.